Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Kwa waandishi wa Kiswahili wanaochapisha kazi zao mtandaoni, hakuna tuhuma inayotupwa haraka kuliko hii: "Umeniibia wazo." Mtu katoa hadithi ya mwalimu wa kijijini aliyependana na mke wa mwenyekiti. Wiki mbili baadaye mwingine katoa ya mwalimu na mke wa diwani. Basi, vita vimeanza. Picha za skrini zinaanikwa, tarehe zinalinganishwa, mashabiki wanagawanyika. Mwisho wa yote hakuna anayesoma tena hadithi yoyote kati ya hizo mbili, na huenda zote mbili zilistahili kusomwa.

Niseme mapema nilipo. Wazo haliibiwi. Vinavyoibiwa ni vitu viwili: maneno ya mtu na jina lake. Cha kwanza sheria inakijua vizuri. Cha pili ndicho kinachotuumiza zaidi siku hizi, na fasihi yetu wenyewe ilikuwa imekitafutia dawa muda mrefu kabla hatujahamia kwenye simu.

Tuanze na Liyongo. Kisa cha Fumo Liyongo, shujaa ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, kilikuwa midomoni mwa watu wa Pate, Lamu na kandokando ya mto Tana kwa vizazi vingi. Mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi hodari wa miswada, alikiandika katika utenzi ambao ndio wengi wetu tunaujua. Mwaka 2001 Kithaka wa Mberia alitoa tamthilia ya Kifo Kisimani, iliyokuja kusomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya, na uti wake wa mgongo ni kisa hicho hicho: mtawala anayemwogopa mtu mmoja, na usaliti unaotoka ndani ya nyumba ya huyo mtu.

Sijasikia mhakiki akisimama kusema Kithaka kamwibia Kijuma, au Kijuma kawaibia wazee waliomsimulia. Sababu ya kwanza ni rahisi: kisa ni cha wote. Sababu ya pili ndiyo ninayoitaka. Aliyekopa hakuficha kwamba kakopa. Anayeijua hadithi ya Liyongo akishika Kifo Kisimani anasoma vitu viwili kwa pamoja, cha kale na cha leo, na utamu wa tamthilia uko hapo katikati. Ukimfichia msomaji chanzo, umemnyang'anya nusu ya kazi. Kukopa kunakoonekana kunaitajirisha fasihi, lakini kunakofichwa kunambakisha msomaji gizani, hata kama sentensi zote ni mpya.

Sheria nayo, kwa lugha yake kavu, inasema jambo linalofanana na sehemu ya kwanza ya hoja hii. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unatamka wazi kwamba hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa na wala hailindi wazo lenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 iko kwenye mstari huo huo. Ukimpelekea mwanasheria kesi ya mwalimu na mke wa diwani, atakurudisha nyumbani na nauli yako. Na mimi msomaji nitakurudisha vile vile. Mapenzi ya siri ya mwalimu na mke wa mkubwa yatakuwa yameandikwa tangu shule ya kwanza ilipofunguliwa. Ninachotaka kujua ni mwalimu wako anasema nini akibaki peke yake darasani jioni, na kama yule mama anacheka au anaogopa anapomwona njiani. Hapo ndipo mwandishi anapokuwa na mali yake.

Sasa tuje kwenye jina. Chukua tenzi za zamani uende moja kwa moja kwenye beti za mwisho. Mara nyingi utamkuta mtunzi hapo anafanya kazi kama ya karani: anajitaja jina au ukoo, anaandika mwaka, na wengine wanahesabu beti zao zote na kukutajia jumla. Katika Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia wa mama kwa bintiye, tarehe imo ndani ya shairi lenyewe: mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Shuleni tulifundishwa kwamba huo ni mtindo wa kufunga utenzi, tukauandika kwenye mtihani, tukaendelea na mengine. Mimi nauona kama kufuli. Kazi hizi zilinakiliwa kwa mkono, zikaghaniwa na watu ambao hawakumjua mtunzi, zikasafiri kwa majahazi. Hazikuwa na jalada la kubeba jina. Kwa hiyo jina likashonwa ndani ya kitambaa chenyewe kwa vina na mizani, na hesabu ya beti ikawekwa ili anayepunguza au kuongeza aumbuke.

Magazeti yakairithi tabia hiyo. Kuanzia Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, mpaka kurasa za mashairi za magazeti ya baadaye, mshairi hakuwa anaondoka bila kujitambulisha: jina, lakabu, mji, na wengine mpaka sanduku la posta. Unaweza kucheka ukidhani ni kujionyesha. Kumbe jina lile lilikuwa na kazi kubwa kuliko sifa. Lilikuwa anwani. Mtu wa Tanga akiuliza jambo kwa shairi, wa Tabora alijua amjibu nani. Naye akijibu, alimtaja mwenzake, akairudia hoja yake kwa ufupi ili aliyelikosa toleo la nyuma asipotee, kisha akashusha jibu, pengine kwa vina vile vile alivyotumia mwenzake. Amechukua wazo, amechukua vina, amechukua hata bahari. Leo tungemfungulia mashtaka. Wao waliliita hilo malumbano, na aliyejibiwa aliona amepewa heshima.

Mfikirie Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yalitungwa katikati ya siasa za mji wake, kwa kuwachokoza watu na kuchokozwa. Yaliishi kwenye kumbukumbu za watu mpaka mwishoni mwa karne ile, Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walipoyakusanya, na diwani yake ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Miaka mia moja baada ya kifo chake, mashairi yale yalikuwa bado yanaitwa ya Muyaka.

Linganisha na hili. Tarehe 1 Juni 1997, Mary Schmich, mwandishi wa safu katika gazeti la Chicago Tribune, alichapisha makala ya kuchekesha iliyoandikwa kama hotuba ya mahafali, yenye kuwashauri vijana, pamoja na mambo mengine, wajipake mafuta ya kujikinga na jua. Miezi miwili tu ilitosha. Kufikia mwanzoni mwa Agosti makala ile ilikuwa inazunguka kwa barua pepe kama hotuba ya Kurt Vonnegut, yule mwandishi maarufu wa riwaya, kwa wahitimu wa chuo cha MIT. Vonnegut hakuwahi kuitoa. Aliyehutubia wahitimu wa MIT mwaka ule alikuwa Kofi Annan. Ilibidi Schmich aandike makala nyingine kueleza kwamba yale maneno ni yake. Baz Luhrmann, mwongozaji filamu wa Australia, alipotaka kuyageuza kuwa wimbo, alianza kwa kumtafuta Vonnegut kumwomba ruhusa, ndipo akagundua mwenyewe ni nani. Wimbo ukatoka kwa ruhusa ya Schmich na ukashika namba moja Uingereza mwaka 1999.

Kinachonivutia hapo ni kwamba hakuna mwizi anayejulikana. Mtu fulani alinakili, mwingine akabandika jina kubwa, maelfu wakasambaza kwa nia njema. Na hawakuyaacha maneno bila jina. Waliondoa jina dogo wakaweka kubwa, kwa sababu maneno mazuri kutoka kwa mwanamke wa gazetini yalionekana hayana uzito wa kutosha.

Sisi tunao Vonnegut wetu. Anaitwa Mwalimu Nyerere. Kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp napokea maneno ya hekima yenye picha yake pembeni, mengine yanazungumzia mambo ambayo hata hayakuwepo wakati wa uhai wake. Shaaban Robert naye kabebeshwa mizigo ya kutosha. Yasiyobandikwa jina la mkubwa yanakuja na maandishi mawili matatu tunayoyajua sote: "Kama nilivyoipokea." "Nimeikuta mahali." Jamani, hapo "mahali" ni wapi? Mtu alikaa chini, akafikiri, akafuta, akaandika upya, halafu akageuzwa kuwa mahali.

Mimi ni mwandishi wa habari, na hili limenipata kama lilivyowapata wenzangu wengi. Makala yangu moja kuhusu wauza vitabu vilivyotumika, wale wanaopanga bidhaa zao kwenye maturubai pembeni mwa barabara Dar es Salaam, ilinyofolewa na tovuti moja ikawekwa chini ya jina la mtu mwingine. Hasira ilikuwepo, siwezi kukana. Lakini kilichoniuma baadaye ni kitu ambacho sikukitarajia. Chini ya ile nakala, msomaji mmoja alikuwa ameacha maoni marefu. Alisimulia muuzaji aliyekuwa akimkopesha riwaya enzi za shule: alimwachia saa ya mkononi kama dhamana, akairudishiwa akirudisha kitabu. Alimalizia kwa kumuuliza mwandishi kama alimkuta yule mzee. Hakuna aliyemjibu. Aliyewekwa jina asingeweza kujibu, hakuwa amefika pale. Nilikuwa na jibu la swali lile, na maoni yalikuwa yameshafungwa.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Pesa ilikuwa ndogo na sifa inasahaulika kesho. Barua ya msomaji ilipelekwa kwenye nyumba isiyokaliwa na mtu. Jina likiondolewa kwenye andiko, mazungumzo yanakatika pale pale, na fasihi isiyo na mazungumzo inabaki kuwa mlundikano wa posti.

Kuna kesi ngumu zaidi, na nisiikwepe. Dawn Dorland, mwandishi wa Marekani, alitoa figo yake mwaka 2015 kwa mtu asiyemjua. Kwenye kundi la faragha la Facebook alibandika barua aliyoiandikia mtu ambaye angenufaika na uamuzi wake. Sonya Larson, mwandishi waliyefahamiana, alikuwemo. Larson akaandika hadithi fupi, "The Kindest", kuhusu mwanamke aliyepokea figo na mtoaji anayependa mno kushukuriwa. Toleo la awali, lililotoka kwa sauti, lilikuwa na barua inayokaribiana sana na ile ya Dorland. Baadaye Larson aliibadilisha. Yakafuata malalamiko, wanasheria, na makala ndefu ya Robert Kolker katika jarida la New York Times mwaka 2021 iliyoligawa taifa zima la wasomaji. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba kwa upande wa hakimiliki Larson hakuvunja sheria.

Ukinibana, nitasema hivi. Dorland alidai kingi mno. Kutoa figo si shamba lenye hati. Mtu yeyote anaweza kuandika hadithi ya figo, na ana haki ya kuuliza maswali magumu kuhusu wema unaotaka kupigiwa makofi. Hilo ni swali zuri, na hadithi ya Larson inalikabili bila woga. Lakini barua ile ilikuwa maneno ya mtu. Na ujumbe wa faragha uliofichuliwa na kesi ulionyesha Larson na marafiki zake wakimjadili Dorland kwa dhihaka pembeni, huku yeye akiwaona ni wenzake. Kiswahili kina maneno mawili yanayolipanga jambo hili vizuri kuliko lugha ya mahakama: malumbano na masengenyo. Katika malumbano unamwambia mtu mbele ya watu, "Ulisema hivi, nami nasema hivi." Katika masengenyo unayachukua maneno yake unayapeleka chumba cha pili. Wazo linaweza kuwa lile lile na ukali ule ule. Tofauti ni kama anayesemwa ana nafasi ya kujibu. Mahakama haikuulizwa hilo, na sioni kama ingeweza kulijibu. Wahakiki tunaweza.

Najua nitaambiwa naipamba jadi kupita kiasi. Ni kweli kwamba jadi yetu haikuwa safi. Taarabu imejaa mafumbo na mipasho ambayo mlengwa hatajwi kabisa, na ndiyo raha yake. Tena kwenye taarabu mara nyingi tunalikumbuka jina la aliyeimba, huku jina la aliyetunga maneno likifa kimya kimya. Tungo nyingi za kale hazina mwenyewe, na nyingine zimebandikwa kwa Liyongo kwa sababu ile ile tunayombandikia Nyerere. Sawa. Lakini angalia fumbo linavyofanya kazi: linamficha anayesemwa kwa mgeni tu. Ukumbini anayehusika anajua, jirani zake wanajua, na wiki ijayo atakuja na wimbo wake wa kujibu. Hata pale njia ya jibu iko wazi.

Nitaambiwa pia kwamba kuna watu wanaohitaji kutokuwa na jina. Hilo nalikubali kabisa. Mwaka 1968 kijaratasi kilichoitwa "Kenya: Twendapi?" kilisambazwa bila jina la mwandishi. Aliyekiandika, Abdilatif Abdalla, alipojulikana alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, safari hii na jina lake juu ya jalada. Mtu anayeficha jina lake mwenyewe kwa sababu ya polisi ana haki yake, na tusimchanganye na anayefuta jina la mwenzake kwa sababu ya uvivu. Kisa hicho kinanikumbusha pia upande wa pili wa umiliki, ambao waandishi wa mtandaoni hatupendi kuutaja. Kuwa mwenye andiko ni pamoja na kudaiwa kwalo. Tunagombania maandiko yanapopendwa. Yakizua balaa, ghafla "nimeikuta mahali." Ndiyo maana hata swali la akili mnemba, ambalo sasa limeingia kwenye kila mjadala wa waandishi, kwangu linaanzia hapo. Kabla ya kuuliza mashine imeandika kiasi gani, nauliza: nikiwa na neno la kusema kuhusu andiko hili, ni nani atakayenijibu?

Kwa hiyo ninaposoma hadithi mbili za walimu wawili na wake wa wakubwa wawili, siangalii tarehe kwanza. Natafuta kama wa pili alimsoma wa kwanza na kama anakubali kuonekana hivyo. Kama alimsoma, sentensi moja ingetosha: "Hadithi hii imeamshwa na ile ya fulani, ila mimi simwamini yule mwalimu wake." Hapo tungekuwa na malumbano, tungesoma zote mbili, na pengine wa tatu angetuletea ya mke mwenyewe, ambaye mpaka sasa hakuna aliyemuuliza anasemaje.

Na wewe ukipokea andiko zuri lisilo na jina, usilibandike jina la marehemu. Lipekue dakika tano, mara nyingi mwenyewe anapatikana. Usipompata, andika kwamba mwandishi hajajulikana na anayemjua aseme. Wenye makala na hadithi, tujifunze kwa watu wa tenzi tuache kuliweka jina juu peke yake, mahali linapokatwa kwa kidole kimoja. Liingize ndani ya aya, mahali ambapo anayelitoa itabidi aandike upya sentensi nzima. Mwandishi mmoja wa hadithi za mfululizo ninayemfuata hufunga kila sehemu kwa mhusika wake kupokea simu kutoka kwa mtu mwenye jina la mwandishi. Wapo waliomcheka mwanzoni. Juzi hadithi yake ilinifikia kwenye kundi la ukoo, imeshakatwa kichwa na miguu, na simu ilikuwa bado inaita.